Mashine ya Mlango wa Bwegera

Mabomba ya mashine yangu kubwa yalitoka ukutani mwa hoteli iliyomezwa na ziwa. Tanganyika lilipopanda na kukataa kurudi, wenye majumba ya ufukweni hapa Uvira walianza kuyabomoa wenyewe kabla maji hayajawabomolea. Waliondoa mabati kwanza, halafu milango na madirisha, mwishowe hata yale mabomba membamba ya chuma ambayo mafundi umeme wa zamani walipitishia nyaya ndani ya kuta. Mimi na mdogo wangu tulikwenda kuyang'oa tukiwa tumesimama ndani ya maji hadi magotini, katika chumba ambacho zamani wageni walilala kwa kiyoyozi. Kuta zilikuwa zimelowa kiasi kwamba hukuhitaji patasi; ulivuta bomba, plasta ikaja nayo. Mengine yalipinda tulipoyavuta. Hatukujali, tulikuwa na furaha, na sikumbuki kama nimewahi kufurahi namna ile tena.

Aliyetutuma ni baba. Baba alikuwa seremala wa milango. Ukipanda gari kutoka Uvira kwenda Katogota ungeweza kuhesabu nyumba alizopita: milango yenye maua, yenye samaki, na mmoja wenye simba ambaye mwenye nyumba alimtaka kwa nguvu na baba akamchonga huku akinung'unika kwamba hajawahi kumwona simba. Kisha asubuhi moja, kikombe cha chai mkononi, mkono wake wa kuume ukafa. Mguu nao uliguswa, lakini mguu hakuulilia. Alijifunza kuuburuta kama mtu anayevuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Mkono ndio aliulilia, na alilia mbele yetu sisi watoto wake wakubwa bila kuficha uso.

Kabla ya hapo alikuwa amewaahidi watu wa Bwegera mlango mkubwa wa kanisa lao. Ni wakulima wa mpunga wa bondeni, watu wavumilivu. Walikuwa wamempa mbao za libuyu, mti mgumu wa msituni, zilizokauka vizuri, nasi tuliziweka juu ya dari ya nyumba ili mto Mulongwe unaopita mtaani kwetu usizifikie. Walipopata habari ya ugonjwa hawakuzidai. Walitundika hema la bluu, yaani turubai, mahali pa mlango, wakaendelea kusali. Kila aliyepita kwetu akitoka huko alimsalimu baba kwa heshima, na kila mara baba aliuliza kama hema bado lipo, naye akajibiwa kwamba lipo.

Kazi yangu mimi ni kufufua fotokopi na redio. Kwa mota za fotokopi zilizokufa nilikuwa nimetengeneza mashine ndogo ya kuchonga. Mchoro uko kwenye kompyuta, kompyuta inaamuru mota, mota zinatembeza kisu kulia, kushoto, juu na chini, na kisu kinachonga ubao chenyewe. Ilikuwa na ukubwa wa sinia la chakula, na ilitosha, kwa sababu nilichonga misalaba. Msalaba hauna madai mengi: jina, alizaliwa lini, alifariki lini, basi. Mwaka ule mto uliposhuka na mawe ukapita katikati ya nyumba za watu, kazi ilikuwa nyingi mpaka nikaichukia. Kisu kiliisha makali kwa majina ya watu niliosoma nao.

Baba aliitazama mashine ile kwa muda mrefu bila kuisifu. Alisema ni mdudu anayekula mti kwa amri ya serikali. Halafu siku moja akavuta kiti karibu.

"Hii kamashini yako, ukiikuza, itaweza mulango?"

Nilimwambia kwamba ikikuzwa itaweza. Hapo akasema lile jambo ambalo lilituendesha sote mpaka mwisho.

"Basi uikuze. Ile mulango ya Bwegera iko inaningoja. Nataka ifike nikingali muzima, na batu bajue ni minye niliitengeneza."

Kwa hiyo haikuwa mashine ya biashara, ingawa majirani waliamini hivyo. Ilikuwa mkono wa baba. Nilimwambia mdogo wangu, ambaye ni mchomeleaji wa vitanda na mageti, kwamba tunamtengenezea mzee mkono mwingine, naye akacheka, akasema basi tuuweke vidole vya kutosha. Sasa hivi sipendi kulikumbuka neno lile.

Mchoro aliuchora kwa mkono wa kushoto. Tulimlazia shiti la triplai, ubao mwembamba mpana, sakafuni, akaketi juu yake akiwa na kipande cha mkaa, na akachora kiangazi chote. Alichora masuke ya mpunga yaliyoinama upande mmoja, na katikati mto Ruzizi ukishuka kutoka juu hadi kwenye kitasa. Mstari ulitetemeka, alifuta kwa kiwiko, akachora tena. Kuna suke moja liliinama kinyume na mengine yote. Nilidhani amekosea, nikamwonyesha. Alinijibu kwa hasira kwamba shambani kuna siku zote suke linaloegemea upande wake, niende nikaangalie kabla ya kumfundisha. Nikapiga picha, nikaiingiza kwenye kompyuta, nikafuata kila mstari kama alivyouacha, suke kaidi likiwamo.

Sasa fremu. Mashine ya kuchonga mlango inahitaji kitanda kirefu kuliko mtu, chenye reli zisizocheza. Chuma kizito hatukuwa nacho, na mbao kando ya ziwa hili huvimba na kupinda mvua ikinyesha. Tulikuwa na mabomba ya hoteli. Tuliyapanga, tukayakata, na nilipoijaribu mota juu ya mawili ya kwanza, bomba lilitetemeka mpaka kisu kikaandika upuuzi. Yalikuwa membamba mno. Mdogo wangu ndiye aliyepata dawa. Mafundi wa vitanda hapa Mulongwe, wakitaka kupinda bomba la kichwani pa kitanda bila kulibonyeza, hulijaza mchanga, huziba ncha kwa vigingi vya mti, hulipasha juu ya makaa, hulipinda, kisha humwaga mchanga. Akasema sisi tujaze na tusimwage. Mchanga ukibaki ndani, bomba litakuwa zito na litaacha kutetemeka. Na badala ya vigingi tuzibe kwa vipande vya chuma vilivyochomelewa, ili usitoke hata chembe.

Tulijiona wajanja sana. Na mchanga, kwa mtu wa Mulongwe, si kitu cha kutafuta. Mto hukuletea hadi chumbani.

Kila fundi wa vitanda anajua kwamba mchanga hukaangwa kwanza. Wanaukaanga katika nusu ya pipa mpaka uache kutoa moshi. Sisi pia tulijua. Tuliutandaza juani juu ya hema tukingoja kupata kuni za kutosha, mvua ikaja, tukafunika, jua likatoka, tukatandaza tena. Kwa juu ulikuwa mweupe na mkavu. Tulikuwa bado tunatafuta kuni pale umeme uliporudi.

Wanaosema haraka haraka haina baraka hawajawahi kuungoja umeme wa Uvira. Ulikuwa umetukimbia wiki nyingi. Uliporudi, mtaa mzima ulilia kwa furaha. Wenye vinu, wenye saluni na wenye kuchaji simu, kila mtu alikimbilia alichokuwa nacho, kwa sababu hakuna ajuaye utakaa muda gani. Mdogo wangu aliushika mchanga, akausugua vidoleni, akasema umekauka kiasi. Kisha akamtazama baba, maana mwenye mlango ni yeye.

"Chomelea tu," baba akasema. "Courant haingojeake muntu."

Tukajaza. Mdogo wangu akachomelea ncha zote za mabomba, moja baada ya nyingine, mpaka umeme ulipoondoka tena jioni. Tulikuwa tumemaliza yote, na tulikunywa chai kama watu waliopona.

Asubuhi iliyofuata lilibaki bomba moja refu lililopinda siku ile ya hoteli. Lilikuwa limejazwa na kuzibwa kama mengine, ila lilipaswa kunyooshwa kwa moto. Mdogo wangu aliwasha makaa uani, akaweka katikati ya bomba juu yake na kuanza kuligeuza. Baba aliketi upande wa ncha ya mbali, jicho moja amelifumba, akitazama urefu wake kama alivyozoea kutazama ubao, na kiganja chake cha kushoto kimefunika ile ncha iliyochomelewa ili asikie joto likifika. Mimi nilikuwa ndani ninamenya nyaya.

Niliposikia mlio nililala chini. Sikufikiri, miaka ya hapa imeufunza mwili wangu kulala kabla ya kuuliza. Nje nilisikia maduka yakifungwa na mtoto wa jirani akiitwa kwa sauti ya chini. Kisha nikasikia kitu kinachochirizika, nikatoka. Mchanga wa moto ulikuwa umetapakaa uani, ukitoa mvuke. Maji yaliyojificha ndani yake yalichemka, yakakosa pa kutokea, yakatokea mkononi mwa baba.

Alikuwa bado ameketi. Aliutazama mkono ule kwa mshangao tu, kama mtu aliyeletewa barua isiyo yake. Mdogo wangu alikuwa amesimama na koleo mkononi, mdomo wazi. Baba akainua macho.

"Angalieni kama tuyo imenyooka," akasema, akilionyesha bomba kwa kidevu.

Hospitalini walimwachia kidole gumba. Vingine viliondolewa, na ngozi ya kiganja iliungua vibaya. Mkono mmoja ulikuwa mzima lakini umekufa, mwingine ulikuwa hai lakini hauna vidole. Mama alianza kumlisha, kumfunga vifungo, kumpeleka msalani. Wageni walikuja kutupa pole, na mmoja, mtu wa maneno mengi, akaona ni mahali pa methali, akasema ndiyo hivyo mzee, kidole kimoja hakivunji chawa. Nilimshika bega nikamtoa hadi barabarani. Mama alinigombeza kwamba mgeni wa pole hafukuzwi. Ningemfukuza tena leo.

Nilitaka kuiuza fremu yote kama chuma chakavu. Nilimchukia kila mmoja wetu, nikaichukia na ile hoteli. Mdogo wangu alikuja hospitalini, akakaa chini kando ya kitanda, akaondoka bila kula. Hakuna aliyemlaumu na hilo lilimzidia. Ni baba aliyeamuru tuendelee. Aliniambia kwa utulivu kwamba mchoro tayari ameuchora, kwa hiyo kazi yake ameifanya, na ikiwa sitaimalizia mashine nitakuwa nimemkata mkono wa tatu. Nikarudi kazini kesho yake.

Safari hii mama ndiye aliyekaanga mchanga. Alikataa kumwamini yeyote kati yetu. Aliukaanga kwenye sufuria yake kubwa ya ugali, akachekecha, akakaanga tena, akafunika kioo juu yake kuona kama kitalowa, akakaanga mara nyingine. Mdogo wangu alitoboa ncha za mabomba yaliyobaki, akamwaga mchanga wa zamani, akajaza wa mama, akachomelea. Alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Siku fremu ilipokamilika aliifunga mashine yake ya kuchomelea kwa kamba, akaenda Fizi. Anatuma salamu. Vitanda hachomelei tena.

Niliiweka mashine kwenye banda la baba, mahali pa meza yake ya zamani. Ilikuwa mbaya kwa sura, mabomba ya kijivu yenye mabaka ya kutu na namba za vyumba vya hoteli zilizoandikwa na fundi fulani wa zamani, lakini ukiipiga kofi ilitoa sauti nzito na haikutikisika. Baba aliipiga teke kwa mguu wake mzima, akaridhika.

Mlango ulichongwa kwa umeme ulipokuwapo, na kwa betri za sola ulipokosekana. Baba alikaa pale tangu asubuhi, mikono yake miwili mapajani juu ya kitambaa. Alisema kina kiwe kiasi gani. Alisema masuke ya chini yaingie ndani zaidi, kwa sababu mwanga wa kanisani hutoka juu na yasipoingia hayataonekana. Alinifanya nirudie mto mzima, ubao mzima tukautupa, kwa kuwa maji yalionekana yamelala badala ya kushuka. Nilikasirika, nikamwambia hakuna atakayejua. Akanijibu kwamba watu wa Bwegera wanauona mto ule kila siku. Nikarudia. Kila kilichoko juu ya mlango ule ni chake. Mimi nilikuwa ninabonyeza na kufagia.

Majirani walianza kuja kutazama. Walisimama wakishangaa jinsi kisu kinavyotembea peke yake bila mtu, na walipiga picha kwa simu. Banda ni dogo, kwa hiyo ili waione mashine vizuri walimpa baba mgongo. Walikuwa watu wazuri, walimsalimu wakiingia na kumuaga wakitoka. Waliniuliza mimi ilichukua muda gani kuuchora mchoro mzuri kama ule. Nikasema ameuchora baba. Wakasema eeh, kweli, wakaendelea kuitazama mashine.

Tuliupeleka mlango Bwegera kwa lori la mchele lililokuwa linarudi tupu. Njiani kulikuwa na vizuizi, na mwaka ule hukuwa na hakika ni vya nani mpaka ufike karibu. Kwenye kimoja kijana mwenye bunduki alitufungulisha hema. Aliutazama mlango, akapitisha kidole juu ya masuke, na uso wake ukalainika kidogo. Labda alikuwa mtoto wa bondeni. Akauliza nani ameutengeneza.

"Ni minye," baba akajibu kutoka mbele ya lori.

Kijana akamtazama mikono, akacheka, akatupungia tupite. Baba alitazama barabara hadi tulipoanza kuyaona mashamba ya mpunga. Hapo aliniomba nimsogeze dirishani. Akaniambia kwamba pale Bwegera wana desturi: mlango mpya ukishafungwa mahali pake, watu wote husimama nje, na aliyeutengeneza ndiye anayeufungua mara ya kwanza, wote wamfuate. Alikuwa amelifikiria jambo hilo. Mikono haiwezi, lakini mlango ukikaa vizuri kwenye bawaba, atausukuma kwa bega. Alinionyesha bega gani. Mama alikuwa amemshonea shati lenye mikono mirefu ili lifunike makovu, nalo lilikuwa limepigwa pasi kwa makaa.

Walituandalia mapokezi makubwa. Walikuja kutoka mashambani, wengine miguu bado ina tope. Hema la bluu lilikunjwa na mlango ukafungwa kwenye bawaba, na wanawake wakapiga vigelegele walipoyaona masuke yao. Bibi mmoja alilishika lile suke lililoinama kinyume, akacheka mpaka akajifuta machozi, akasema hilo ni la shambani kwake. Nilimtazama baba. Alikuwa anatabasamu kwa upande wa uso unaotii.

Kisha katekista, mtu mpole ambaye alikuwa ametuombea muda wote wa ugonjwa, akasimama mlangoni. Alimshukuru Mungu. Alimshukuru mzee wetu kwa kuja kutoka mbali katika hali yake ya ugonjwa, akaomba aletewe kiti kivulini. Baba alikuwa tayari amepiga hatua moja mbele, mguu wake unaburuta, bega limetangulia. Mtu akamletea kiti. Katekista akasema sasa fundi wa mashine apite mbele awafungulie.

Nilihisi masikio yanawaka. Nilisema kwa sauti ambayo wote waliisikia:

"Fundi iko ule pale. Ni baba yangu. Minye nilikuwa nashikilia mashine tu."

Katekista akanitazama kwa upendo mwingi, kisha akawageukia watu.

"Munaona mutoto mwenye heshima?" akasema.

Wakapiga makofi. Walipiga kwa moyo, akina mama wengine wakaitikia kwamba wazazi wangu wamebarikiwa. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyozidi kunipenda. Nilirudia, nikasema amechora yeye, kwa mkono wa kushoto, nikanyoosha kidole, nao wakamtazama baba, wakaitazama mikono ya shati lake refu, wakatikisa vichwa kwa huruma na kupiga makofi tena. Nilitamani kumpiga mtu. Hakukuwa na hata mmoja mbaya wa kumpiga.

Baba alikuwa amesimama kando ya kiti bila kukalia. Aliniita kwa kichwa, nikamwinamia.

"Enda ufungue," akaniambia. "Batu banaungua na jua."

Nikaenda. Niliweka viganja viwili juu ya mto Ruzizi, nikasukuma. Mlango ulifunguka bila sauti, ngoma zikaanza, na watu wakanipita pande zote wakiingia, wakinigusa bega na kunipongeza. Nilipogeuka kumtafuta baba, alikuwa amesimama nyuma kwenye msongamano pamoja na wengine, anangoja zamu yake ya kuingia.